Sikio la Nasra na ile laki nne

Dada Zuhura,

Shikamoo. Nisalimie Mama, Shemeji na wote hapo Barabara ya 9. Meseji zako zote nimezipata, hata zile za saa nane usiku, nilikuwa kazini simu iko kwenye kabati, sio kwamba nimekublock kama ulivyomwambia Hamisi. Na nimeamua kuandika kwa sababu nikikutumia voice unasikiliza nusu dakika afu unaanza kujibu.

Laki nne ninayo. Naanza na hilo usije ukasema Ulaya kumenishinda. Mwezi uliopita nimefaulu mtihani wa udereva, mara ya tatu ndiyo, ila humu Leicester kuna wenyeji wanakwenda mara ya saba, na nimechukua Yaris ya mkono wa pili, nyekundu, siku ya kwanza nimezunguka nayo peke yangu mpaka mafuta yakapungua, sina hata pa kwenda. Kwa hiyo hela ipo. Ila hela uliyoomba ya kumkata mwanao Nasra ile keloidi, lile kovu linalovimba na kukua kwenye tundu lake jipya la sikio, sitoi.

Usinune kwanza, soma mpaka mwisho.

Kwani langu mmelisahau? Nilitoboa tundu la pili na miaka 17, mimi na Mwajuma, sindano ya kushonea na kipande cha barafu ya Mama Asha, Mwajuma hakupata kitu mpaka leo na mi likaanza kama punje ya kunde nyuma ya sikio. Mama akasema ni damu yangu kali. Likawa korosho. Mkanipeleka pale (jina sitaji, mnapajua), kijana akanipiga ganzi, akakata, akashona, dakika kumi tukawa nje tunakunywa soda, tukarudi nyumbani tunashangilia. Hakuna aliyesema nirudi nikachomwe sindano, hakuna aliyesema nivae chochote. Haikufika nusu mwaka, likarudi kubwa kama ndimu. Ndimu, dada! Kile kisu ndo kililipa chakula.

Hapo ndo ninapotaka unielewe. Kovu la kawaida hata likivimba linabaki mle mle kidonda kilipokuwa. Keloidi inavuka mpaka, kama yule jirani na uzio wake wa michongoma, kila masika hatua moja kwetu. Mwili unaambiwa ziba kidonda, unaziba, unaendelea kuziba, haujui kusimama. Sasa ukiikata bila kitu kingine umeupa kidonda kipya kikubwa kuliko cha kwanza, na kazi inaanza upya. Daktari wa hapa aliniambia zikikatwa tu hivi hivi karibu nusu zinarudi, na wengine wanasema zaidi ya nusu. Afu akanichekesha, anasema hilo jina alilitoa daktari Mfaransa, Alibert, miaka ya 1800 mwanzoni huko, kutokana na neno la Kigiriki la gando la kaa, maana inatanua pembeni kama magando. Nikamwambia kwetu Tanga kaa tunawajua vizuri kuliko huyo Mfaransa, na Mama huwa anasema kaa akiinua gando mambo yamekatika. Hakuelewa. Nikabaki nacheka peke yangu kwenye kiti cha hospitali, afu nikajisikia vibaya, nikataka wali wa nazi na kaa wa Mama palepale.

Sasa na hili nalo nikuulize tukiwa tunaongea. Kwenye singo ya Mwajuma, siku anasingwa bi harusi, ulisema nini? Usijifanye umesahau. Wanawake watupu ndani, kila mtu kavua mtandio kaachia nywele, mi nimekaa pembeni nimejifunga mpaka kidevuni, ukawaambia shangazi zake "mwacheni huyo, anajiona Mwarabu." Wakacheka. Wewe umelala na mimi kitanda kimoja miaka yote, unajua kilichoko chini ya ule mtandio, unajua usiku nilikuwa najikuna na kitana mpaka naamka na damu kwenye foronya, na bado ulisema vile ili watu wacheke. Miaka tisa hiyo. Nimeibeba mpaka huku, imepita uhamiaji bila kukaguliwa.

Basi. Nimesema, limetoka.

Huku nako nilizungushwa. Daktari wa kwanza hakuinua hata macho, akasema mambo ya urembo hayo hatushughuliki nayo. Ilibidi nimwambie linawasha, linachoma, silalii upande ule, na siku nyingine nikimnyanyua mzee kazini mkono wake ukinigusa sikio naona nyota. Ndo akaandika barua kwa wa ngozi. Nikasubiri miezi kumi na moja. Mengine ya miezi hiyo tuyaache.

Yule wa ngozi, mama mmoja wa Kihindi mpole, hakushika kisu kwanza. Alianza na sindano, dawa inaitwa triamsinoloni, ni steroidi, ya kupunguza uvimbe, nyeupe kama maziwa ya unga yaliyokorogwa. Anakuchoma ndani ya uvimbe wenyewe. Dada, ule uvimbe mgumu kama soli ya kiatu, dawa haitaki kuingia, unamuona anasukuma na kidole gumba mpaka ukucha wake unakuwa mweupe, na uvimbe nao unapauka hapo hapo, tone moja linarudi nje linatiririka shingoni. Nilihesabu kumi kwa Kiswahili kwa sauti, yeye akawa anahesabu na mimi, mara ya nne alikuwa keshafika "saba" bila kukosea. Kila baada ya wiki nne mpaka sita unarudi. Baada ya ya pili kuwasha kukapungua, baada ya ya tano ndimu ikawa korosho tena, laini. Hapo ndo akakata, na siku ile ile akachoma pembeni ya mshono, na baada ya mwezi tena, na tena. Afu akanipa hereni ya kubana, ile sio pambo, ni kama kibanio cha nguo cha plastiki, unalala nacho, kutwa unakivaa ukiweza, miezi. Kazini wazee wananiuliza hiyo nini nawaambia fasheni ya Afrika.

La kifuani sijawaambia. Lilianza kwenye chunusi tu, sikulitumbua hata, likatambaa. Kifua ni kati ya sehemu zile bishi kabisa, langu hawalikati, nachomwa sindano na nabandika karatasi ya silikoni, inakaa kama jeli iliyoganda, unaiosha na sabuni jioni unairudisha, masaa mengi kwa siku kwa miezi. Limelala kidogo lakini ngozi pale imepauka kwa sababu ya dawa, ndo ubaya wake. Ile nyingine ya kugandisha kwa nitrojeni niliikataa, wakanionyesha picha, ngozi kama yetu inabaki na doa jeupe. Kuna na mionzi, wanapiga siku moja au mbili baada ya kukata, kama ile ya wagonjwa wa saratani pale Ocean Road. Usianze kulia, keloidi sio saratani na wala haiambukizi, mwambie na Bi Saumu aache kumtengea Nasra taulo. Mionzi kwa mtoto wa miaka 14 hawaikimbilii, kwa hiyo mtu akikutajia hiyo ya kwanza mwulize mara mbili.

Umeniandikia "mbona tundu la kwanza halikumfanya kitu." Nilimuuliza yule mama swali hilo hilo. Akasema waliotobolewa wakiwa wachanga mara nyingi wanapona salama, wanaotoboa baada ya kama miaka 11 ndo hatari inapanda, na zaidi kwenye familia zilizo nazo. Sasa angalia kwetu. Bibi Mwanamvua lile la begani, la chanjo, tulikuwa tunalichezea tukiwa wadogo tunasema kitufe cha redio. Mimi. Wewe mshono wa Nasra mwenyewe tumboni, unadhani sijauona? Kisogo cha Hamisi daktari anasema ni ndugu wa keloidi tu, vipele vya mashine ya kinyozi, ila naye asinyoe mpaka kwenye ngozi.

Kwa hiyo fanya hivi. Msimfunge uzi ati itadondoka. Msimpake limao. Msimpake zile krimu za dukani anazouza mke wa Hamisi, zile zile za mkorogo, nyingi zina steroidi kali ndani, zitamchubua shavu na uvimbe ubaki umekaa unawaangalia. Mpeleke Moshi, hospitali ya KCMC, wana kituo cha ngozi tangu 1992, wanafundisha madaktari wa nchi nyingi pale, mnapanda basi la asubuhi mchana mmeshafika. Mtalala kwa Mjomba Shaabani, na kama mkewe atakasirika shauri yake, alikula pilau yetu siku tatu mwaka ule. Wakisema sindano, akubali sindano. Wakisema wakate, uliza kabla: baada ya kukata mtamchoma lini, atavaa nini sikioni, arudi mara ngapi. Wakikosa majibu, shukeni ngazi mrudi nyumbani.

Natuma laki mbili leo kwa nauli na kumuona daktari. Zilizobaki natuma kila mnapokwenda, nikiona karatasi ya tarehe. Najua utasema sikuamini. Sikuamini na kisu, wewe nakuamini. Mara nyingi.

Na kuna jambo lingine, nimeandika ukurasa wote huu nalizunguka.

Zile hereni. Pea tatu kwenye kile kiboksi cha bluu nilizotuma Idi Kubwa. Mtu hatumi pea tatu kwa mtoto mwenye tundu moja. Nilijua atatoboa. Nilikuwa dukani na mshahara mpya mkononi, nikamuona Nasra na masikio yanang'aa, nikawaona na mashangazi wa Mwajuma wanaziona, na sikio langu mwenyewe limebanwa na kibanio chini ya kofia, sikuwaza kabisa, au niliwaza nikapita. Halafu uliponitumia picha ya kwanza, ile punje ya kunde, niliijua kabla sijaikuza. Nikakujibu "itapona tu." Miezi mitano nimekaa kimya na hilo.

Nasra ananiuliza kwenye meseji, mama mdogo na wewe ulikuwa nayo? Sijamjibu. Jana nimefunga nywele juu, nimepiga picha upande wa kushoto, sikio limebaki na mstari tu na kanyama kidogo kama punje ya mchele. Sijawahi kupiga picha ya upande huo tangu nimalize fomu foo. Nimeiambatisha humu. Mwonyeshe yeye kwanza kabla ya Mama. Habari ya hereni usimwambie.

Au mwambie. Basi, mwambie, mwambie ni mimi.

Mdogo wako,
Rehema

Nb: Nipigie picha ya sikio lake mchana, sio usiku na taa ya simu, na uweke sarafu ya shilingi mia pembeni nione ukubwa. Na mwembe wa uani umezaa? Hamna anayeniambia.