Paa la nyumba ya Kanyenye

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tabora. Barua yako ya kuuliza jinsi ya kupunguza joto linaloshuka kutoka kwenye bati kuukuu la nyumba yako ya Kanyenye nimeipata. Kwa kuwa unataka kuezua paa lote kabla mvua za Novemba hazijaanza, nakujibu upesi, fundi asije akakutangulia dukani.

Jambo la kwanza: bati jipya peke yake halitakuondolea joto. Jua la Oktoba likilipiga, nalo linachemka. Joto hilo kwa sehemu kubwa haliletwi chumbani na hewa, maana hewa ya moto hupanda. Linashuka kwa mnururisho, yaani kwa miale ya joto: upande wa chini wa bati unaipiga dari, dari nayo inawapiga mliolala. Ndiyo maana feni inazunguka usiku kucha, yuniti za umeme wa LUKU zinaisha, na chumba hakipoi.

Dawa yake ni foili ya alumini. Itandazwe juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), kisha papi (mbao nyembamba za kushikia bati) za inchi 2x2 zipigiliwe juu yake, ndipo bati lifuate. Hapo unapata nafasi ya hewa ya karibu sentimita 5 kati ya bati na foili. Nafasi hiyo usiikubali ikose. Foili ikigusana na bati, inapokea joto moja kwa moja na faida yake inapungua. Kama inang'aa upande mmoja tu, upande huo utazame chini, kwa sababu wa juu hufunikwa na vumbi na vumbi huua mng'ao. Anzeni kutandaza chini kwenda juu, kipande cha juu kikilalia cha chini sentimita 15, na mwisho wake uvuke ukuta. Usiku wa baridi bati hupoa kuliko hewa na kutoa jasho kwa ndani. Foili iliyolazwa vizuri itayatoa maji hayo nje badala ya kuyadondoshea dari. Kileleni acheni mwanya wa sentimita 5 kwenye foili, joto lipate pa kutokea.

Tena paa lazima lipumue. Matundu yawe chini ya upenu, pale paa linapovuka ukuta, na kwenye kuta za pembetatu, yote yazibwe kwa wavu wa matundu yasiyozidi sentimita 1. Popo hawahitaji mlango mkubwa.

Kenchi usizing'oe zote. Nyumba kuukuu kama hiyo huenda ina mbao za mninga, na kiini cha mninga mchwa hukiogopa. Wanakula ule weupe wa pembeni. Choma kila mti kwa bisibisi, hasa unapokalia ukuta. Ikizama, badilisha kwa mbao iliyotiwa dawa.

Hesabu: kwa nyumba ya mita 10 kwa 9, paa la miteremko miwili, upenu wa sentimita 60 na mwinamo wa nyuzi 25, kila upande unachukua safu mbili za bati za mita 3. Bati la upana wa mita 0.76 likishapandana na la jirani hubaki kama 0.66, basi ni bati 17 kwa safu, 68 kwa paa zima, bila kofia za kileleni. Foili ni angalau mita za mraba 140 pamoja na mapandano. Chukua geji 28 ukiweza. Namba ikipungua, bati linazidi unene. Rangi iwe nyeupe au ya kung'aa. Ile ya damu ya mzee inapendeza, lakini inameza jua.

Misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni, na isikandamizwe hadi bati libonyee, maana maji hutuama palepale.

Juu ya dari weka sufi ya kioo (nyuzi za kioo laini kama pamba) ya unene wa milimita 50 hadi 100. Isibanwe, kwa kuwa kinachozuia joto ni hewa iliyomo ndani yake. Pumba za mpunga kataa kabisa: zinaita panya na zinashika moto. Nyaya za umeme zipite ndani ya paipu, zisiguse foili.

Ukikuta vipande vya kijivu kama saruji badala ya bati, simamisha kazi. Huenda ni asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Visikatwe wala kuvunjwa. Mwite kwanza afisa mazingira wa manispaa.

Nitumie vipimo halisi na picha za kenchi, nikukagulie hesabu kabla hujalipa.

Wako akupendaye.