Toyota Mark X yako ibaki na rangi ya fedha, tubadilishe rimu

Mwanjelwa, Mbeya
Mwezi wa saba

Ndugu yangu,

Kamwene! Natumaini baridi ya Njombe imewaacha salama, wewe, shemeji na watoto. Huku nasi asubuhi hatutoki bila koti zito, lakini tu wazima, na mama anakusalimu sana.

Picha za gari nimezitazama moja moja. Unasema unataka bodi iwe nyeusi isiyong'aa, ile wanayoiita mati, na rimu za dhahabu, na fundi yuko tayari kuanza wiki ijayo. Nakuandikia kirefu kwa sababu mambo haya hayaishi kwenye simu, na kwa sababu gari hilo nalipenda kama unavyolipenda wewe. Rai yangu ni hii: bodi ibaki na rangi yake ya fedha, pesa zako ziende kwenye rangi bora na klia bora, ile rangi angavu inayopigwa juu kabisa kulinda na kung'arisha, na hamu yote ya kubadilisha tuipeleke kwenye rimu. Na kazi isianze kabla ya Septemba.

Mati inapendeza siku inapotoka gereji. Haing'ai kwa kuwa uso wake una vinundu vidogo mno vinavyotawanya mwanga. Ukiipiga polishi, vinundu vinalala, na pale uliposugua panabaki doa linalong'aa. Mkwaruzo kwenye klia ya kawaida unasuguliwa ukaisha, lakini kwenye mati inabidi kipande kizima kipakwe upya. Sasa gari lenyewe linaishi Njombe: masika ni tope jekundu hadi kwenye vioo, kiangazi ni vumbi, na vijana wa kuosha magari wanatumia brashi ngumu na sabuni ya unga. Nyeusi ya mati haitadumu hapo.

Halafu kugeuza gari la fedha kuwa jeusi si kazi ya nje tu. Kingo za milango, ndani ya boneti, ndani ya buti, kote kunapaswa kupakwa. Vinginevyo kila ukifungua mlango fedha inachungulia. Na rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo ukiibadilisha unatakiwa kwenda mamlaka ya mapato, TRA, kurekebisha taarifa.

Fedha ni rangi nzuri kwa barabara zetu. Vumbi halionekani haraka, na mikwaruzo midogo inajificha. Ugumu wake ni kwa fundi. Ndani ya rangi kuna chembechembe za alumini, na namna zinavyolala ndiyo inayoamua kama rangi itaonekana nyeupe au ya kijivu. Presha ya kompresa ikizidi, au bunduki ya kupulizia rangi ikisogezwa karibu mno, mlango mmoja unakuwa tofauti na jirani yake ingawa rangi imetoka kopo lile lile. Ndiyo maana fundi mzuri hapaki kiraka katikati ya mlango wa fedha. Anaififisha rangi polepole kuelekea kipande cha pili, kisha anapiga klia vipande vyote viwili kwa ukamilifu.

Usikubali mtu achanganye rangi kwa macho. Tafuta kibao cha gari, kwenye chuma kinachotenganisha injini na sehemu ya abiria au kwenye nguzo ya mlango, usome palipoandikwa rangi. Fedha nyingi za Toyota za miaka ile ni 1F7, lakini soma cha kwako, usikisie. Kwa namba hiyo duka linapima kila kirangi kwenye mizani. Hata hivyo namba moja inaweza kuwa na fomula zaidi ya moja, na rangi yako imepigwa jua kwa miaka mingi, kwa hiyo kwanza wapulizie kwenye kikadi, wapige na klia juu yake, kisha ukitazame nje juani kando ya bodi. Chini ya taa ya duka kila fedha inafanana. Na rangi yote ichanganywe mara moja, ibaki kidogo uitunze kwa ajili ya mikwaruzo ya baadaye.

Kwenye picha nimeona klia ya paa na boneti imeanza kubanduka magamba meupe. Hilo ni jua. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu akihisi baridi hudhani jua la huko ni dogo, kumbe miale inayoua klia huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Klia iliyobanduka haipakwi juu. Isuguliwe hadi magamba yote yaishe na mpaka wake usisikike kwa kidole. La sivyo klia mpya itashika kwenye gamba na kuondoka nalo.

Sasa aina ya rangi, na hapa ndipo pesa zinapopotelea. Fundi akikutajia bei ya chini sana, muulize kama anatumia NC, yaani rangi ya nitroselulosi, au 2K, yaani rangi ya vitu viwili vinavyochanganywa. NC inakauka kwa thina kupaa tu. Inakauka haraka na haihitaji hadina, ile dawa ya kugandisha rangi, lakini tone la petroli likidondoka wakati wa kujaza mafuta linailainisha, na mng'ao wake unafifia upesi. 2K inachanganywa na hadina na inakomaa kwa kuungana nayo, ikawa ngumu, haiogopi petroli wala jua la kawaida. Kwa fedha unapiga rangi yenyewe kwanza, ambayo ikikauka haing'ai, kisha klia ya 2K juu, matabaka mawili yaliyoshiba. Maisha ya rangi yote yako kwenye klia hiyo, kwa hiyo ukilazimika kubana matumizi, bana pengine. Kipimo cha hadina kifuatwe kama kopo linavyosema. Fundi anayeongeza hadina ili ikauke haraka anakupa klia itakayopasuka.

Na ukaukaji huo ndio sababu ya kusubiri hadi Septemba. Nyakati za kukauka zinazoandikwa kwenye makopo huwa ni za nyuzi 20 hivi. Njombe ya Julai, jioni inakuja na ukungu na chuma kinakuwa baridi kuliko hewa, umande unakaa juu yake. Klia iliyopigwa saa tisa alasiri bado ni laini jua linapozama, na asubuhi unakuta imefifia kama imepuliziwa pumzi. Septemba na Oktoba kunakuwa na joto la kutosha na mvua bado. Vumbi ndilo tatizo la miezi hiyo, lakini vumbi tunaliweza: chumba kilichofungwa, sakafu iliyomwagiwa maji, kazi kuanza asubuhi ili mchana uikomaze. Kama kuna gereji yenye oveni mnayoiamini, basi hata leo sawa.

Jambo moja nakusihi kuliko yote. Hadina za 2K zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumtia mtu pumu ya maisha. Na mwili ukishaikataa, hata kiasi kidogo kinambana kifua. Kitambaa puani hakizuii kitu, na barakoa ya hospitali vilevile. Anayepulizia avae barakoa ya mpira yenye vichujio vya kaboni ambavyo havijaisha muda, na bora zaidi ile inayoleta hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kijana anayemsaidia asisimame chumbani humo. Ikibidi uinunue wewe barakoa hiyo, inunue. Wale vijana wana mapafu mamoja tu.

Tuje kwenye rimu, maana hapo ndipo nataka ufurahi. Dhahabu najua umeitoa wapi: ile Subaru ya bluu ya dereva wa rali Colin McRae, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997. Lakini dhahabu ile inawaka kwa sababu iko kando ya bluu. Kando ya fedha inaonekana njano iliyochoka. Nakushauri shaba iliyoiva, inayoelekea kahawia, yenye mng'ao wa wastani. Kwenye fedha inakaa kwa heshima, na inafanana na unga wa breki, kwa hiyo rimu haionekani chafu kila Jumatatu.

Unga huo ndio adui. Ukishuka mlima wa Kitonga breki zinachemka, na chembe za chuma zinaruka zikiwa za moto, zinajichimbia kwenye rimu za mbele na kushika kutu humo. Rangi ya kopo la kupulizia isiyo na hadina haihimili. Njia bora ni rangi ya unga inayopikwa kwenye oveni kwa nyuzi 180 hadi 200. Kama oveni haipatikani, 2K inatosha, mradi alumini iliyo wazi ipate kwanza praima ya epoksi, rangi ya msingi inayoshika kwenye chuma. Tairi zitolewe kabisa. Mafuta na masizi ya breki yaoshwe kabla ya msasa, maana msasa ukitangulia unayasugua yakaingia ndani zaidi. Rimu yenye ufa isipakwe. Rangi itaficha ufa tu.

Na mwambie fundi kwa msisitizo: rangi isikae pale nati zinapokaa, wala kwenye uso unaogusana na habu, kile kitovu cha gurudumu. Rangi nene hapo inabanwa, inasagika, na nati zinalegea ukiwa barabarani. Zikazwe kwa spana ya kipimo, Nm (nyutoni-mita) 103 kwa Toyota yako, na ukishaenda Makambako na kurudi uzikaze tena. Nta usiipake popote kabla ya mwezi kupita.

Nitumie picha ya kibao kwanza. Ukija Mbeya, fungua kile kifuniko cha nje cha tanki la mafuta uje nacho, duka walinganishie rangi juu yake. Nitakuombea nafasi mapema, kwa sababu Septemba watu huwa wengi. Mwambie shemeji maparachichi aliyotuma yamefika salama, na mama anauliza kama yale madogo ni ya mti ule ule.

Wako,
Rafiki yako wa Mwanjelwa