Intaneti ya waya wa simu haikuwa ya aina moja

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi. Vijana wa siku hizi wanadhani intaneti ya simu ya mezani ilikuwa ile ya kupiga kelele tu, sio kweli jamani. Dayolapu (dial-up), yaani kompyuta inapiga simu ili iunganishwe, ndo ilikuwa na kelele, spidi mwisho 56 kbps (kilobiti kwa sekunde) na hapo laini iwe safi, wimbo wa MB 5 unakaa kama dakika 12 hivi, halafu shangazi akinyanyua mkonga sebuleni anataka kumpigia mtu, umekatika, unaanza upya, na bili ya dakika inasoma tu!

Kuna na ISDN, hiyo ni laini ya simu ya kidijitali, chaneli mbili za 64 kbps kila moja, ukiziunganisha unapata 128, au moja unaongelea nyingine unaperuzi. Nzuri ila bei yake kwa nyumbani, mmh.

Mkombozi kwangu ni ADSL. Waya uleule wa shaba, data inapita kwenye masafa ya juu kuliko sauti, kwa hiyo shangazi anaongea na mimi naendelea, mradi uweke kile kichujio kidogo kwenye simu cha kutenganisha sauti na data. Tatizo lake ukikaa mbali na kituo cha simu spidi inashuka, mimi nilikuwa mbali.

Msomaji wenu, Dar es Salaam