YAH: KAMERA ZENU ZISIZOONA USIKU, NA NYUMBA YANGU KUONYESHWA WATU KAUNTANI

Kwa Meneja,
Tawi la Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika barua hii baada ya kupiga simu tisa, kufika ofisini kwenu mara mbili, na kuahidiwa kila mara kwamba fundi yupo njiani. Njia ya kutoka Kariakoo hadi Tabata haijawahi kuwa ndefu kiasi hicho, hata siku ya mvua. Masharti ya udhamini wa miezi 12 mliyaandika wenyewe, risiti ya EFD mmeitoa wenyewe, na fomu ya kazi ina saini ya fundi wenu, kwa hiyo sitawachosha kwa kueleza nilinunua nini na kwa makubaliano gani.

Nianze na kamera zenyewe, maana hilo ndilo dogo.

Nilipoingia dukani kwenu sikusema nataka kamera tu, nilisema nataka kuona usiku. Nilimweleza muuzaji wenu kwamba kutoka ukuta wa nyumba hadi getini ni mita 14, kwamba mtaa wetu hauna taa, na kwamba ninachotaka ni kumtambua mtu kwa sura, siyo kujua tu kwamba kuna mtu. Akanionyesha maandishi ya kwenye boksi, "mita 30", akasema, "Mama, geti lako halifiki hata nusu ya hapo, utahesabu mpaka vifungo vya shati." Nikalipa. Hakuniambia kwamba mita 30 ni umbali ambao mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao kamera huutumia kuona gizani, unafika, na kwamba sura ya mtu kutambulika ni habari nyingine inayotegemea lenzi. Alinipa lenzi ya milimita 2.8, ambayo inatawanya picha kwa upana wa uwanja mzima na inafaa sana kwa veranda, lakini mtu akisimama getini anaonekana kama njiti ya kiberiti. Lenzi ya milimita 6 ilikuwepo kwenye kabati lilelile, nyuma ya mgongo wake. Niliiona nilipokuja mara ya pili, na tofauti ya bei haikufika hata nauli na vocha nilizotumia kuwafuatilia.

Kisha ikaja kazi ya kufunga. Kamera inayotazama geti ilibanwa chini kabisa ya fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, kiganja kimoja kutoka kwenye ukuta niliopaka rangi nyeupe. Mchana picha inapendeza. Giza likiingia, mwanga wa infraredi unagonga ukuta huo na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi, na nusu ya skrini inageuka ukungu mtupu. Buibui naye amejenga hapo, na uzi wake mmoja ukipita mbele ya lenzi usiku unang'aa kama kamba ya kuanikia nguo, simu inapiga kelele kwamba kuna mtu, nami ninaamka. Haya yote yangeonekana jioni ya kwanza kama fundi wenu angesubiri magharibi. Alijaribu kamera za usiku saa nane mchana, akasema ziko vizuri, akaomba nauli, akaondoka.

Kuna na waya. Baada ya kukata tamaa na ninyi nilimwita fundi wa jirani yangu, kijana anayejua kazi yake, akapima kwa mita yake mbele ya macho yangu. Kwenye adapta umeme ulitoka volti 12. Kwenye kamera ya geti, mchana, zilifika 10.4. Jua lilipozama na taa za infraredi zikawaka, zikashuka hadi 8.6, kamera ikazimika, ikawaka, ikazimika tena. Alikata kipande cha waya akakikwangua kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani aluminiamu nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea. Kwa maneno mengine, ndugu Meneja, mmenifungia kamera ambayo inafanya kazi vizuri mchana, tukiwa macho, na inaishiwa nguvu saa ileile niliyoinunulia. Fomu yenu imeandika "waya wa shaba". Nimeambatisha kipande hicho kwenye bahasha hii ili msije mkasema ninasikia maneno ya mtaani.

Nilikuja Jumanne kuyasema hayo kwa upole. Nilifika saa nne asubuhi nikiwa na flashi na karatasi ya RB kutoka polisi. Ofisa wenu wa kaunta alimwita fundi, yuleyule aliyefunga kwangu. Hakuniuliza swali hata moja. Alitoa simu yake mfukoni, akabonyeza mara mbili, na nyumba yangu ikatokea. Haikuwa picha ya zamani. Ilikuwa ua wangu, dakika ileile. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 78, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na bomba, kanga imepanda magotini, kichwa wazi, ananawa miguu. Fundi wenu akaigeuza skrini kuelekea kwa wateja waliokaa kwenye benchi akasema, "Si mnaona wenyewe? Picha safi kabisa." Na ofisa wenu akaniambia, "Sasa mama, tatizo liko wapi?"

Nitalirudia hilo. Nimalize kwanza habari ya wizi, ambao ulitangulia Jumanne hiyo kwa siku tano.

Usiku wa kuamkia Alhamisi watu waliruka ukuta upande wa geti, wakafungua pampu ya maji na kubeba mtungi wa gesi. Kamera yenu ilirekodi ukungu mweupe, kisha kitu kama kivuli cha bega, kisha skrini nyeusi kwa sekunde 40, na iliporudi geti lilikuwa wazi. Hata kivuli hicho nilikipeleka kituoni kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho. Askari aliitazama video mara mbili, akanisogezea kompyuta, akaniuliza, "Mama, hapa pameandikwa 08:12. Hii ni asubuhi gani yenye giza namna hii?" Sikuwa na jibu. Wizi ulitokea saa tisa na dakika 12 usiku. Baadaye yule kijana wa jirani alinieleza kwamba mashine ya kurekodia bado ilikuwa imewekwa saa za China, ambazo ziko mbele yetu kwa saa tano. Kuirekebisha ilimchukua muda mfupi kuliko wa kumenya ndizi. Fundi wenu alishindwa kuifanya kazi hiyo ndogo, na kwa sababu hiyo ushahidi wangu pekee ulionekana mbele ya askari kama kitu cha kutunga.

Na ile betri ya akiba niliyolipia pembeni, kwa sababu sote tunajua umeme wetu, mmeiunganisha na mashine ya kurekodia peke yake. Adapta ya kamera haimo. Rauta haimo. Umeme ukikatika, mashine yenu inabaki macho usiku kucha ikirekodi giza.

Kwa hayo niliyokwisha kuyataja, nilikuwa nimekusudia kuomba mambo ya kawaida tu, ndani ya siku 14: mbadilishe lenzi ya kamera ya geti, muisogeze mbali na ukuta, mvute waya wa shaba halisi, muunganishe betri kama nilivyolipia, na mnikabidhi akaunti ya kamera ikiwa kwa jina langu. Rasimu ya kwanza ya barua hii iliishia hapo. Lakini kila ninapoisoma ninajiona nimeandika kama mtu aliyeuziwa feni mbovu, na sivyo ilivyo.

Kwa hiyo nirudi Jumanne, na safari hii niseme na yale niliyoyaruka kwa aibu. Fundi wenu alipoigeuza ile simu, nilinyoosha mkono ili niizime. Aliinyanyua juu ya kichwa chake, kama mtu mzima anavyomnyima mtoto pipi, akisema, "Subiri mama, waone kwanza." Kwenye benchi walikuwepo watu watano. Mwanamume mmoja alicheka. Mwingine aliinamisha uso, na Mungu ambariki, maana ndiye pekee aliyekuwa na adabu ndani ya jengo lile. Mama yangu aliinua uso wakati huo kuitazama kamera, kama vile amesikia jina lake, na nikaona macho yake kwenye simu ya mtu nisiyemjua, katikati ya duka, Kariakoo. Mama huyu hajawahi kutoka nje ya chumba chake bila mtandio tangu nimfahamu. Pale uani ndipo mahali pake pekee pa kukaa alivyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kwamba kamera ile ni ya kumlinda.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ofisa wenu alijifanya hakuliona. Fundi alipotoka kwenye picha ya kwangu, skrini ilirudi kwenye orodha, na orodha ile ilikuwa ndefu. Niliisoma kabla hajaifunika: majina ya mitaa, na mbele ya kila mtaa alama ndogo ya kumtambulisha mwenye nyumba. Mimi nimeandikwa "Tabata mama pampu". Fikirieni hilo kwa utulivu, ndugu Meneja. Pampu iliibiwa usiku wa kuamkia Alhamisi. Je, jina hilo aliliandika baada ya wizi, au lilikuwepo kabla? Simtuhumu mtu kwa nisichokijua. Nimempelekea swali hilo mpelelezi anayeshughulikia RB yangu, naye ndiye wa kulijibu.

Nilipofika nyumbani niliomba nifunguliwe programu ile nione nilivyosajiliwa. Akaunti ya kamera zangu zote nne imefunguliwa kwa namba ya simu ya fundi wenu. Yeye ndiye mmiliki. Mimi nimealikwa tu, na programu inanipa cheo cha "mgeni". Siwezi kumtoa yeye, ila yeye anaweza kunitoa mimi wakati wowote. Nyumba nimeijenga tofali kwa tofali kwa miaka tisa, na kwenye kamera nilizozilipia mimi ni mgeni.

Huenda mkasema huo ni utovu wa nidhamu wa mtu mmoja. Msiseme. Ofisa wenu alikuwepo, msimamizi wa zamu alikuwepo nyuma ya kioo, na hakuna aliyesema "zima hiyo". Na nilipopiga simu jioni ile nikitaka kuzungumza na wewe, nilijibiwa kwamba meneja hashughulikii mambo ya password.

Basi ninayataka haya, na muyasome kama ninavyoyaandika. Ninataka fedha zangu zote, siyo matengenezo. Sitaki tena fundi wenu yeyote akanyage kwangu. Kamera zitashushwa na kijana wa jirani, nanyi mtalipa gharama yake. Ninataka bei ya pampu. Ninataka maelezo ya maandishi yenye saini yako kwamba nyumba yangu imeondolewa kwenye simu ya fundi huyo na simu nyingine yoyote ya wafanyakazi wenu, na kwamba hakuna video iliyohifadhiwa. Ninataka kila mteja aliyekuwa kwenye orodha ile apigiwe simu na kuambiwa ukweli. Na ninataka mtu mwenye cheo aje amwombe radhi mama yangu, ana kwa ana, akiwa amebisha hodi.

Muda ni siku saba. Zile siku 14 nilizoandika hapo juu zilikuwa za malalamiko ya waya. Zikipita siku saba bila jibu, nitapeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na swali langu la kwanza litakuwa kama kampuni yenu imesajiliwa huko ilivyotakiwa. Habari ya waya wa aluminiamu uliouzwa kwa jina la shaba itakwenda Tume ya Ushindani. Wakili nimekwishazungumza naye. Na kwa kuwa wateja wenu wengine hawajui wanatazamwa, sitaona haya kusimama mlangoni kwenu na kuwaambia mmoja mmoja wanapoingia.

Kwa sasa kamera ya uani nimeivalisha soksi. Hata hivyo mama bado hataki kukaa pale bombani. Ananawa ndani, kwenye beseni, na jana ameniuliza kwa mara ya tatu kama wale watu wa dukani bado wanamwona. Nimemjibu hapana. Ninahitaji karatasi yenu ili jibu hilo liwe la kweli.

Nitafika ofisini kwenu kuchukua majibu Jumatatu ijayo, saa tatu kamili asubuhi, kwa saa za Dar es Salaam.

Wako,

Mteja wenu wa Tabata
(namba ya risiti na ya fomu ya kazi zimeambatishwa, pamoja na kipande cha waya)