Dume ni ipi, jike ni ipi? Samaki zangu za Tanganyika zinauana

Yaya mushauri, jambo sana. Miye ni baba wa familia hapa Bukavu, nawaandikia juu kweli nimeshindwa.

Niko na akwariomu ya lita 300 mu saloni. Mwaka jana nilishuka Uvira, kijana mmoja mwenye kuuzisha samaki za mapambo akanipatia Tropheus duboisi 12, samaki za ziwa Tanganyika. Sita zilikuwa nyeusi zenye madoadoa meupe kama nyota, sita zingine hazina nyota, ziko na mukanda mweupe mu kiuno. Akaniambia bila kusita: zenye nyota ni majike, zenye mukanda ni madume. Nikalipa bei ya jozi sita, nikapanda nazo mu bido mpaka nyumbani, binti yangu wa miaka 9 akashinda pale mbele ya kioo anazipatia majina.

Kumbe alinidanganya, ao yeye mwenyewe hakujua. Kisha miezi kidogo nyota zikaanza kufutika, moja kisha ingine, mukanda ukatokea. Zilikuwa tu ndogo! Samaki hii ikiwa mutoto inakuwa na nyota, ikikomaa inavaa mukanda, ikuwe dume ikuwe jike. Ile samaki mwanasayansi Georges Marlier aliiandika tangu 1959, kwa hiyo si jambo jipya, ni miye sikuuliza watu mbele ya kununua. Nilizoea zetu za hapa ku Kivu, zile ndogo za mu mawe, dume inang'aa rangi na iko na vidoa vya manjano ku pezi ya chini, hata mutoto anakuonyesha. Duboisi zinafanana zote kama mapacha.

Nikaanza kuangalia tumbo. Moja ilivimba, nikamwambia mama watoto hii iko na mayai, tukafurahi wiki nzima, na kila asubui nilikuwa naipatia unga wa sambaza, zile samaki ndogo kama dagaa, ipate nguvu. Haikuwa mayai. Mavi yake yalikuwa meupe, marefu kama uzi, siku ya tano ikakufa. Nimekuja kujua nimechelewa kwamba samaki hii inakula majani ya ku mawe, utumbo wake ni mrefu, chakula ya nyama inaiharibu. Sasa napatia spirulina, ule unga wa mwani, na saladi ya kuchemsha. Ile kufa inaniuma mpaka leo.

Zingine mbili ziliuawa na wenzake, mapezi yamechanika yote, juu kuna moja kubwa inafukuza kila mutu toka asubui mpaka umeme inakatika. Nimebaki na tisa.

Wiki mbili zimepita, nikaamua kuangalia kwa chini. Nilizitoa na kawavu, moja moja, nikalaza kila moja mgongo ku mukono wenye maji, binti akashika tochi. Kuna matundu mbili: ya mbele ya kutolea mavi, ya nyuma, upande wa mukia, ya kuzalia. Wanasema kwa jike ile ya nyuma ni pana kuliko ya mbele, kwa dume zinalingana. Moja ilikuwa wazi kabisa, tundu ya nyuma pana na duara. Tatu naona zinalingana. Zile tano zingine, Yaya, niliangalia mpaka macho ikatoka machozi, sikuona tofauti, na samaki inahema mu mukono nikaogopa, nikairudisha mu maji.

Na ile moja pana, kisha siku tatu nikaona koo imefura, inatafunatafuna bila chakula: iko na mayai mu kinywa, ndiyo namna jike ya samaki hii inayalinda! Kwa hiyo macho yangu hayakunidanganya kwa ile moja.

Sasa naomba, mwenye kufuga hizi anisaidie. Zile tano ziko na sentimeta 7 hivi, je, tundu inaonekana vizuri ku kimo hiyo, ao ningojee zikomae? Na kama nyingi ni madume, nitafute majike niongeze, ama nipunguze madume? Naogopa kuingiza mugeni mu kundi, watamupiga.

Lakini ya haraka ni ile mama. Mayai inakaa mu kinywa wiki 4 hivi, leo ni siku ya 11, na ile dume kubwa inamufukuza mpaka anajificha nyuma ya shofaji, kile chombo cha kupasha maji. Nikimutoa naogopa atatema mayai, na akirudi kisha, wenzake watamukataa. Nikimuacha naogopa watamuua. Binti ananiuliza kila akitoka masomo. Nimutoe, ao nimuache?