Mustang ya 1965: Usilipie Rangi, Kagua Sakafu

Majira ya joto yakikaribia, simu za kuulizia Mustang za zamani, gari la Ford la Marekani, huongezeka hapa karakanani. Wengi hawaulizii zile za matajiri. Wanataka ya 1965 au 1966, yenye silinda sita, ambayo mtu wa mshahara wa kawaida bado anaweza kuimudu.

Ndivyo Ford walivyokusudia. Walipoizindua New York, Aprili 17, 1964, bei ilianzia dola 2,368. Chini ya bodi ile ya kuvutia walitumia vifaa vingi vya Falcon, gari la familia ambalo mafundi walikwisha kulizoea. Kabla ya miaka miwili kwisha, Mustang milioni moja zilikuwa zimetengenezwa. Ndiyo maana hadi leo spea hazisumbui: viti, vioo, mabati ya sakafu, hata bodi nzima mpya inauzwa.

Kinachowaliza wanunuzi ni kutu. Mbele ya kioo kikubwa cha mbele, kwenye bati la chini yake, kuna matundu ya hewa. Majani hujaa humo, maji hutuama, na bati huoza kwa ndani usikoona. Mwombe muuzaji ruhusa umwage maji pale, kisha inama uchungulie chini ya dashibodi. Ukiona yanadondoka, ujue kuna bati la kukatwa na kuchomelewa upya, na kazi hiyo huweza kuzidi gharama ya kufufua injini. Gari hili halina chasisi ya peke yake. Sakafu ni sehemu ya kinachobeba mzigo. Ikioza, rangi mpya ni vipodozi tu.

Halafu kuna V8 za kupachika, yaani injini za silinda nane zilizowekwa baadaye. Namba ya gari imegongwa chini ya boneti, upande wa dereva. Alama ya tano ikiwa T, lilitoka kiwandani na silinda sita. C, A au K ni V8. Hesabu pia nati za gurudumu: silinda sita zina nne, V8 zina tano. Kubadilisha injini si dhambi, ila aliyeweka V8 akaacha breki za silinda sita, gari lake mimi siliendeshi. Na kwa matembezi ya Jumapili, hiyo sita inatosha kabisa.

Sisi tunalifuata gari liliko, tunaliinua, tunapitisha sumaku kwenye bodi kutafuta palipozibwa kwa pati (lipu ya bodi isiyoshika sumaku), na tunakupa picha za kila tulichokiona. Ukipata tangazo, tutumie namba ya gari na picha za sakafu kabla hujatoa kishika uchumba.