Mashine ndogo ya kukereza chuma irekebishwe kwanza, vifaa vya nyongeza baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme neno kuhusu zile mashine ndogo za kukereza chuma ambazo siku hizi baadhi ya vijana wa hapa Mwanza wanaziagiza na kuzifunga majumbani, aghalabu katika stoo au kibanda cha uani. Msomaji mmoja aliandika katika safu hii kwamba mashine hizo ni vitu vya kuchezea, na kwamba anayezinunua ametupa fedha zake ziwani. Nimekereza chuma kwa miaka mingi, kwanza kiwandani na sasa nyumbani kwangu Nyakato, na mashine inayonipatia riziki leo ni ya aina hiyo hiyo aliyoilaani. Dalili alizozieleza ni za kweli kabisa: inatetemeka, inaacha michirizi, kisu kinazama ghafla, na kipande kinatoka kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Nisichokubaliana naye ni chanzo. Yeye anasema ni udogo wa mashine. Mimi nasema ni kwamba haikurekebishwa.

Kwa asiyeijua, mashine hii huzungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga. Ina uzito wa kilo 40 hivi, watu wawili wanaibeba bila shida, na juu ya kitanda chake, yaani ile reli ya chuma inayobeba sehemu nyingine zote, inaweza kuzungusha kipande chenye kipenyo kisichozidi milimita 180. Nafasi kati ya kichwa, kinachozungusha kipande, na mkia, unaoshikilia ncha yake ya pili, ni milimita 250 hadi 350 kutegemea toleo. Nyingi hutengenezwa China, kisha hupakwa rangi mbalimbali na kupewa majina mbalimbali na wauzaji, ilhali ukizifungua ndani utakuta ni ndugu wa tumbo moja. Hutoka kiwandani zikiwa zimeungwa tu. Ile kazi ya kulainisha, kulinganisha na kukaza sehemu moja baada ya nyingine, ambayo kwenye mashine kubwa hufanywa na fundi mwenye subira, hapa ameachiwa mnunuzi, na ndiyo sababu bei yake inafikika. Anayelijua hilo tangu mwanzo hatavunjika moyo. Asiyelijua huanza kununua vifaa.

Mwaka jana alinijia kijana mmoja wa Igoma. "Shikamoo mzee," alisema, "mashine imenishinda, nataka kuiuza." Alikuwa ameagiza mashine hiyo kwa ajili ya kuchonga bushi, pini na puli za injini za mitumbwi, kwa kuwa wavuvi wa Igombe na Kayenze wakiharibikiwa na kitu kidogo kama hicho hulazimika kuja mjini na kupoteza siku nzima. Fikra yake ilikuwa nzuri sana. Baada ya kuona kazi haitoki safi, alinunua kishikio kikubwa cha taya tatu, kile kinachobana kipande kinapozunguka, cha milimita 100 badala ya kile cha 80 kilichokuja nayo, akanunua kishika visu cha kubadilisha haraka, kisha akafunga na vipimo vya kidijitali. Fedha hizo zote zilikwenda, na mtetemeko ukabaki palepale.

Nilikwenda kwake. Sikuiwasha mashine. Nilikishika kwa mikono miwili kile kibebeo kinachotembea juu ya kitanda kikiwa kimechukua kisu, ambacho katika barua hii nitakiita gari, nikalinyanyua. Likapanda na kushuka, likatoa mlio mdogo wa chuma kugonga chuma. Tulipoweka saa ya kupimia tuliona linacheza karibu sehemu mbili za kumi za milimita. Kwa mpita njia hicho si kitu, lakini kwa mkerezaji ni sawa na kuandika juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi. Hakuna kishikio wala kipimo cha kidijitali kitakachotibu ugonjwa huo, kwa maana kisu chenyewe hakijatulia.

Chini ya gari kuna vibamba viwili vinavyolizuia lisinyanyuke. Katika mashine hizi vimeshikiliwa na skrubu zinazovuta na nyingine zinazosukuma, na ni nadra sana kukuta zimekazwa sawasawa. Tulivifungua, tukavisugua kwa msasa uliolazwa juu ya kipande cha kioo hadi vikawa tambarare, kisha tukakata vipande vya kopo la soda, ambavyo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, tukavipanga kati ya vibamba na gari. Tuliongeza, tukapunguza, tukafunga, tukajaribu, tukafungua tena. Kazi ilianza alasiri na adhana ya magharibi ilitukuta bado tumeinama. Mwishoni gari lilitembea kutoka kichwani hadi mkiani kwa ulaini uleule, na ulipolinyanyua halikujibu. Gharama ilikuwa soda mbili na karatasi moja ya msasa. Kesho yake tulikaza vile vibamba vyembamba vya pembeni vinavyoshika slaidi za kisu, tukauelekeza mkia ukalingana na kichwa, na kipande cha kwanza alichokereza baada ya hapo alikigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu bila kusema neno.

Jambo la pili ni mahali mashine inapokaa. Wengi huiweka juu ya meza ya mbao, ikiwa na miguu yake ya mpira kama inavyotoka kwenye boksi. Kitanda cha mashine ndogo ni chembamba na hujipinda kufuata kitu kilichokibeba, na mbao nazo hubadilika kwa unyevu, hasa kwetu huku kandokando ya ziwa. Sisi watu wa Mwanza tunaishi juu ya mawe, na kokoto zipo kila kona. Nilimwaga zege nzito ndani ya fremu ya vyuma, nikaacha likauka vizuri kwa wiki nne, kisha nikaifunga mashine kwa bolti baada ya kuondoa miguu ya mpira, huku nikichungulia kwa kipimo kwamba kukaza bolti hakukipindi kitanda. Sauti yenyewe ya mashine ilibadilika. Unyevu huo wa ziwa una ubaya mwingine, nao ni kutu: mashine isiyopakwa oili jioni huamka na madoa mekundu asubuhi, hivyo futa chenga zote, paka oili na ufunike kwa kitambaa cha pamba.

Nije kwenye beringi, maana hapa ndipo mafundi wengi hukosea mpangilio wa kazi. Mhimili mkuu wa mashine nyingi za aina hii huzunguka katika beringi mbili za gololi namba 6206. Wengi hupenda kuzibadilisha na beringi za roli zenye umbo la pia, namba 30206, ambazo hustahimili vizuri zaidi msukumo wa kisu na zinaweza kukazwa hadi mhimili usicheze kabisa. Kipenyo cha ndani ni kilekile cha milimita 30 na cha nje kilekile cha milimita 62, lakini upana ni tofauti: 6206 ina milimita 16, na 30206 ina milimita 17.25. Kwa hiyo bushi za kati zinazotenganisha vitu kwenye mhimili lazima zipunguzwe. Sasa ndugu yangu, bushi hizo zinakerezwa na nani, kama mashine tayari imefumuliwa mezani? Nimewaona watu wawili wakiingia katika mtego huo, wakaishia kubeba vipande vyao kwenda kumlipa fundi mwingine. Pima kwanza, kereza bushi mpya zote mashine ikiwa bado nzima, ziweke pembeni, ndipo uifungue. Ukishaifunga, kaza nati ya mhimili kidogo kidogo, uiache izunguke kwa dakika ishirini, kisha uguse kichwa kwa kiganja: kikiwa na uvuguvugu ni sawa, kikichoma umekaza mno.

Kuhusu gia za plastiki zilizomo ndani ya kichwa, msomaji yule alizitaja kama ushahidi kwamba mashine ni ya kuchezea. Namwomba aende mwalo wowote akawaulize wavuvi kuhusu pini ya propela katika injini ndogo za mitumbwi. Pini ile imefanywa laini makusudi ili propela ikigonga jiwe ikatike yenyewe na kuziokoa gia. Mvuvi anayechoka kununua pini akachomeka msumari mgumu huja kulia siku injini inaposaga gia za ndani. Gia ya plastiki katika mashine hii hufanya kazi ya pini ile: kisu kikinasa ghafla, inakatika yenyewe kabla mota au saketi yake haijadhurika. Sisemi usiweke gia za chuma. Mimi mwenyewe nimeweka, lakini niliziweka baada ya kumaliza mchezo wa gari na wa slaidi, kwa sababu kunasa kwa kisu hutokana zaidi na ulegevu huo, na mpaka leo ninazo gia mbili za plastiki kwenye droo.

Katika umeme nilipata hasara ambayo sipendi mwingine aipate. Mashine yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imetumika, katika duka moja la hapa jijini ambalo sitalitaja, na muuzaji alinihakikishia kwamba inatumia umeme wetu. Kibati kilichokuwa nyuma ya mota kilisema volti 110, maana ilikuwa imetengenezwa kwa soko la Marekani, nami sikukisoma. Umeme wa kwetu ni volti 230. Saketi inayoongoza mwendo iliungua mara moja, na moshi wake nikauona kabla sijakereza hata unyuzi mmoja. Mashine za soko hilo zina tatizo jingine lisiloonekana haraka: katika baadhi yake skrubu ya slaidi ina hatua ya milimita moja, yaani zamu moja huisogeza slaidi milimita moja, lakini duara la kusomea limegawanywa sehemu 40 kana kwamba zamu moja ni sehemu 40 za elfu za inchi (inchi 0.040), yaani milimita 1.016. Ukikereza kitu kidogo hutagundua. Ukikereza kiti cha beringi, utashangaa kwa nini haikai.

Baada ya yote hayo, vifaa vya nyongeza vina nafasi yake, tena kubwa. Ningeanza na kishikio cha taya nne ambazo kila moja hujitegemea, kwa sababu shafti ya injini ya zamani haiko mviringo kamili na taya tatu haziwezi kuiweka katikati. Cha pili ni wenzo wa kufungia mkia, uwekwe badala ya nati inayodai spana kila unapousogeza; huu unaweza kuukereza mwenyewe siku moja, na ni zoezi zuri kwa anayejifunza. Kishika visu cha kubadilisha haraka ni raha kweli, lakini vipande vya msumeno wa chuma uliovunjika vikiwekwa chini ya kisu huleta ncha yake kwenye kimo cha katikati vilevile. Kishikio cha milimita 100 kinahitaji sahani ya kuungia, na sahani hiyo imaliziwe kwenye mashine ileile itakayoibeba. Na ufunguo wa kishikio ufungwe springi inayousukuma utoke wenyewe unapouachia, kwa sababu ufunguo uliosahauliwa pale huruka kama risasi mashine inapowashwa, na mafundi wengi wa chumba kimoja wana watoto wanaocheza mlangoni. Miwani ivaliwe. Glavu zisivaliwe kamwe mbele ya kitu kinachozunguka.

Nawaomba wauzaji wa mashine hizi jijini kwetu waweke ndani ya boksi karatasi moja ya Kiswahili inayotaja volti, hatua ya skrubu, namba za beringi, na kumweleza mnunuzi wazi kwamba mashine inahitaji kurekebishwa kabla ya kutumika. Na msomaji mwenzangu, ambaye aliandika kwamba yake ataiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, namsihi kabla ya hapo achomoe waya ukutani, alishike gari kwa mikono miwili na kulinyanyua. Likicheza, avifungue vile vibamba viwili vya chini na kuanzia hapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkerezaji mstaafu,
Nyakato, Mwanza.